Cucu na pareto ya Kinangop
Juzi shangazi alinisimulia jinsi Cucu, yaani nyanya yetu, alivyohamia Kinangop, Kenya, 1964, serikali ilipokuwa ikinunua mashamba ya walowezi na kuwagawia Waafrika chini ya mpango wa ekari milioni moja. Watoto tisa, nyumba ya mbao, na baridi ile ya Nyandarua! Shamba lilikuwa la mkopo, na pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, ndiyo iliyoulipa. Maua yalichumwa kwa mkono, ua tu bila kikonyo (shangazi alininyooshea vidole kunionyesha), yakaanikwa juani, kisha yakapelekwa kwenye chama cha ushirika. Wingu likitanda, watoto walikimbilia kuyaanua kwanza. Kwenye hadithi za ukoo wetu anatajwa babu tu. Jamani, shamba lile ni jasho la Cucu.