Gati la Ng'ambo ya Mto

Masika ya 2017 nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, hapa Dar es Salaam. Profesa aliyenisimamia alikuwa mtafiti wa algoriti za jiometri, yaani hatua ambazo kompyuta hufuata kukokotoa maumbo na umbali, na mimi alinipa mtaa wa Tandale. Ramani huria ya mtaa ilikuwepo, wanafunzi na wakazi walianza kuichora 2011, miaka minne kabla ya kipindupindu kulipuka jijini. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha kila nyumba inategemea gati lipi la maji, yaani bomba lipi la umma la kuchotea.

Nilitumia mchoro wa Voronoi, unaogawa ramani ili kila mahali pawe chini ya gati lililo karibu zaidi. Chukua magati mawili, yaunganishe kwa mstari, kisha katikati pitisha mwingine unaoukata kwa pembe mraba. Huo ndio mpaka: wa upande huu yuko karibu na gati hili, wa upande ule na lile. Ukiyamaliza magati yote, mtaa mzima umegawanyika na hakuna nyumba iliyobaki nje. Niliandika programu kwa njia aliyoitoa mtaalamu wa kompyuta Steven Fortune mwaka 1986, ya mstari mmoja unaofagia ramani huku ukiacha mipaka nyuma yake. Rangi zilipotokea kwenye skrini, usingizi ulinipotea kwa furaha.

Profesa aliitazama, akasema, "Nzuri. Kesho tukaitembelee."

Tulifika mvua ikiwa imekatika muda si mrefu. Mama mmoja alikuwa barazani akigeuza vitumbua kwa kijiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Nikamwonyesha gati lake kwenye karatasi, kisha nikamnyoshea kidole lilipo. Bomba lilionekana kabisa. Kati yetu na bomba hilo Mto Ng'ombe ulikuwa umefura, maji rangi ya chai ya maziwa, chupa na magunia yakipita mbio.

"Pale si kwangu, baba," alisema, bila kuacha vitumbua vyake. "Nivuke vipi na ndoo kichwani? Sisi tunapanda kule juu. Mbali, lakini unafika."

Niliona aibu. Mama huyo alikuwa akibeba maji kila siku, nami nilikuwa nimemgawia gati asiloweza kulifikia.

Njiani Profesa alinikumbusha John Snow, daktari aliyefuatilia kipindupindu cha London mwaka 1854 hadi kwenye bomba la Broad Street. Snow naye alichora mpaka kati ya bomba lile na mengine, zaidi ya miaka 50 kabla ya mwanahisabati Voronoi kuandika kuhusu mchoro wake. "Ila hakutumia rula," alisema. "Alipima kwa njia watu wanazopita kwa miguu."

Nilirudi Tandale siku nyingi baada ya hapo, nikihesabu vichochoro na vivuko. Kila njia panda niliifanya nukta, kisha nikatumia algoriti ya Dijkstra, ya mwaka 1959, inayotafuta njia fupi kuliko zote, nikiianzisha kwenye magati yote kwa pamoja. Ni kama kumwaga maji kila gati kwa wakati mmoja, yatambae vichochoroni mpaka yakutane. Yanapokutana ndipo penye mpaka.

Safari hii mpaka uliufuata mto. Nilimpelekea mama karatasi mpya. Alijifuta mafuta mikononi kwa khanga, akaweka kidole kwenye nyumba yake, akakipitisha taratibu kichochoro kwa kichochoro hadi gati la juu.

"Hapa kuna jiwe," alisema, akasimamisha kidole. "Huwa napumzika hapa."

Nikaichukua kalamu, nikalitia alama.