Niliona Somalia Tu

Nianze na bei, maana ndiyo iliyoniuma: shilingi elfu tisini. "Kila kitu ndani, mwalimu," kijana wa safari aliniambia kwenye simu. "Usafiri, mwongozaji, chakula cha mchana, maporomoko, maziwa mawili. Wewe njoo na miguu yako tu."

Nilikuwa Mbeya kwa semina ya walimu, mwisho wa mwezi wa tatu, na Jumamosi tulipewa mapumziko. Wenzangu wakalala. Mimi nafundisha Jiografia, na huu ni mwaka wa kumi na moja naandika neno Ngosi ubaoni. Ziwa la kreta, milima ya Uporoto. Nachora duara, najaza maji kwa chaki ya bluu, wanafunzi wananakili. Mwaka juzi mtoto mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Madamu, wewe umeshafika?" Nikamwambia tuendelee na somo.

Basi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikawa kituoni nimejifunga khanga mbili juu ya sweta. Niliahidiwa gari kubwa la viti vya kutosha. Ikaja Noah, ndani watu sita tayari, nikapachikwa nyuma kabisa na begi la mtu magotini. Walikuwemo mabinti wawili wa Dar waliovaa raba nyeupe, baba mmoja mstaafu wa Dodoma na mkewe, dereva, na yule kijana mwenyewe. Uyole tukaiacha barabara kuu, tukashika ya Kyela, na baridi ikaanza kupanda pamoja na mlima. Pembeni magunia ya viazi yamepangwa, yameshonewa lumbesa mpaka yana vichwa.

Isongole tukasimama. Kijana akashuka, akarudi na sura nyingine.

"Kuna ada ya kuingia msituni."

"Si ulisema kila kitu ndani?"

"Kila kitu ndani, isipokuwa ada."

Mzee wa Dodoma akavua miwani. "Mwanangu, nimefanya kazi serikalini miaka thelathini na minne. Hilo neno 'isipokuwa' nalifahamu vizuri."

Ada inalipwa kwa namba, namba inaletwa kwa simu, na simu zilikuwa hazina mtandao. Tukakaa dakika arobaini kando ya lami, watu wazima saba tumeinua mikono juu kutafuta mnara. Namba zilipofika, ikaja habari ya bodaboda: kutoka barabarani hadi msitu unapoanzia Noah haifiki, kwa hiyo kila mtu elfu tano kwenda na elfu tano kurudi. Halafu gambuti za kukodi, kwa sababu njia ina tope. Halafu fimbo. Halafu mwenyeji wa kututangulia, maana kijana wetu, ilibainika hapo, hakuwa akiijua njia vizuri. Bado hatujaona hata dimbwi, elfu tisini yangu ilikuwa imefika laki na kumi na tatu.

Yule mwenyeji alikuwa mzee mwembamba, panga kwapani, koti la suti lililokuwa jeusi zamani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mmetoka wapi?"

"Mimi Mwanza. Lakini nyumbani hasa Ukerewe."

Akanitazama toka gambuti mpaka kilemba. "Sasa wewe kwenu ziwa limekuzungukeni pande zote. Huku umefuata nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, na baada ya hapo sikuwa na pumzi ya kujibia.

Mtu asikudanganye kuwa Ngosi ni matembezi. Mwanzo ni njia ya kawaida chini ya miti mikubwa, migomba mwitu imesimama huku na huku na majani mapana kuliko mlango. Kisha kilima kinasimama wima. Unapanda kwa kushika mizizi, mianzi, na wakati mwingine kwa kumshika mwenzako bila kumwomba ruhusa. Raba za mabinti, waliokataa gambuti kwa ajili ya picha, zilibadilika rangi robo saa ya kwanza. Mara mzee akasimama, akanyoosha panga kwenye tawi. Kinyonga, wa kijani, ana pembe tatu usoni kama mtu kamchongea. Binti mmoja alipiga yowe, akateleza, akanifuata mimi, nami nikamfuata mke wa mzee wa Dodoma, tukajikuta sote watatu tumekaa kwenye tope tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea. Kinyonga hakusogea.

Nilihesabu saa moja na dakika hamsini. Zaidi ya mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari si mahali pa mtu aliyekulia ufukweni. Mapafu yangu yalishaanza kufikiria kurudi yenyewe. Mzee akasema, "Tumefika."

Tulikuwa tumefika kwenye weupe. Hakuna neno jingine. Mbele yangu palikuwa na majani, baada ya majani palikuwa na mwisho wa ardhi, na baada ya mwisho wa ardhi ukungu umejaa kama maziwa kwenye kibuyu. Kijana wetu akasimama ukingoni, akageuka kutukabili, akaanza kutoa maelezo kana kwamba kitu kinaonekana nyuma yake. Kwamba chini pale ni ziwa lenye urefu wa kilomita mbili na nusu hivi. Kwamba mlima wa volkeno ulilipuka ukajibomokea ndani, likabaki shimo, mvua ikalijaza. Kwamba ni la pili kwa ukubwa Afrika katika maziwa ya namna hiyo. Mzee wa Dodoma akauliza la kwanza ni lipi. Kijana akasema tuwe makini na ukingo, unateleza.

"Na umbo lake," akaendelea, "ni ramani kamili ya bara la Afrika."

Tukatazama ukungu.

Miaka kumi na moja ya chaki ya bluu. Nilikaa juu ya jiwe lililolowa, na nakiri macho yalinijaa, nikasingizia baridi. Mwenyeji wetu akaja akachuchumaa karibu yangu. Nadhani alinionea huruma, maana alianza kunisimulia bila kuombwa.

Zamani, alisema, ziwa hili halikuwa huku juu. Lilikuwa chini kwenye makazi ya watu, na lilikuwa baya. Ng'ombe akienda kunywa harudi. Mtoto akienda kuchota harudi. Wazee wakakaa shauri. Wakawasha moto mkubwa, wakaweka mawe humo mpaka yakawa mekundu, wakayatupa majini, moja baada ya jingine. Ziwa likaungua, likapiga kelele, likaondoka usiku likipanda mlima mpaka likakuta shimo hili, likaingia, likatulia.

"Likakubali tu kuhama?"

"Mawe yalikuwa ya moto, mwanangu."

Nimesikia hadithi nyingi za asili ya vitu, nyingine nazisimulia darasani ili watoto wasisinzie. Hii ilinikaa vibaya. Septemba 20, 2018, siku ya Alhamisi, watu wametoka gulioni Bugolora wanarudi kisiwani Ukara, Ziwa Victoria, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu kabisa na gati la Bwisya. Walikufa zaidi ya watu mia mbili, na waliokuwa nchi kavu walikuwa wanaona. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwa waliosukuma mitumbwi kwenda kuvuta watu, walio hai na wasio hai, mpaka usiku. Siku kadhaa hakusema neno. Kisha akachukua karabai zake, akaingia maji yale yale kutafuta dagaa, kwa sababu watoto walikuwa hawajala. Sijawahi kumsikia mtu wa Ukerewe aliyelirushia ziwa hata kokoto. Tungelifukuza, tungekula nini? Sato angetoka wapi, na ada yangu ya shule ingetoka wapi, iliyolipwa miaka yote kwa furu na dagaa waliokaushwa juu ya mchanga?

Nikamuuliza mzee kama kuna anayeshuka kuvua huku. Akatikisa kichwa. Ukuta ni mkali, zaidi ya mita mia mbili kwenda chini, na hakuna anayevua. "Sisi hatuna shida nalo, nalo halina shida na sisi."

Ndipo binti mmoja akapiga kelele, safari hii si ya kinyonga. Ukungu ulichanika upande wa kulia. Nikasimama. Chini, mbali kuliko nilivyotegemea, palikuwa na maji. Hayakuwa na bluu yangu ya ubaoni. Yalikuwa kijani kizito, rangi ya chupa ya soda iliyotupwa, yametulia bila kipele, na msitu umeshuka mpaka kwenye midomo yake. Ilikuwa ncha moja tu, imechongoka kuelekea kwetu. Nilihesabu labda pumzi kumi. Pakafunga.

"Mmeona!" kijana akapaza sauti. "Ramani ya Afrika!"

"Mimi nimeona pembe," akasema mzee wa Dodoma.

Mwenyeji wetu akafikiri kidogo. "Hiyo ilikuwa Somalia."

Tukasubiri Kenya na Tanzania zitokee. Tulisubiri nusu saa nzima, mabinti wakipiga picha za weupe, mke wa mzee akitafuna karanga bila kumpa mtu. Hazikutokea. Tukashuka, mimi nusu kwa miguu, nusu kwa makalio.

Chakula cha mchana kililiwa saa tisa, Kiwira: mbalaga ya ndizi na nyama, sahani imefurika, na kwa hilo Wanyakyusa nawavulia kilemba. Maji ya kunywa hayakuwa ndani ya kila kitu.

Baada ya hapo mchana ulikimbia. Daraja la Mungu tulilitengea dakika ishirini. Ni mwamba wa lava uliolala juu ya mto Kiwira kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, mto unapita chini yake unanguruma. Nilimuuliza kijana lilitokeaje, akasema jina linajieleza. Sikuvumilia. Nikaeleza mimi: lava ikashuka, ikaganda, maji yakatafuta upenyo chini yake yakazidi kuutanua. Nilipogeuka nikakuta na familia nyingine ya watu wanne imesogea kusikiliza, baba yao akanishukuru, akaniita "mwongozaji". Dereva akasema niwe nakuja kila Jumamosi. Nikamwambia kijana sasa tuzungumze punguzo. Alicheka kwa adabu, akaangalia saa.

Maporomoko ya Kaporogwe ni mbele ya Tukuyu, unaacha lami unapita vijijini, na tulifika saa kumi na moja na nusu jioni, mvua ikinyesha. Hapo sina malalamiko hata moja. Maji yanaanguka urefu wa mita arobaini hivi, na nyuma yake mwamba umeingia ndani, umeacha pango ambalo mtu anaweza kusimama maji yakiwa mbele yake kama pazia. Wenyeji wanasema Wajerumani walijificha humo wakati wa Vita ya Kwanza. Tuliingia sote, hata mke wa mzee, akiwa amekunja gauni. Kelele ile inakufuta. Nilimwona kijana wetu anaongea, mkono unaonyesha huku na kule, mdomo unafunguka na kufumba, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuna "isipokuwa" iliyonifikia. Nilitamani tukae mpaka usiku.

Usiku ndio ulioleta ugomvi. Tulipopanda gari nikauliza ziwa la pili. Lilikuwa Kisiba, pale Masoko, ambako Wajerumani walikuwa na boma na inasemekana walitupa fedha zao majini wasizipate Waingereza. Kijana akasema giza limeingia. Nikasema giza huingia kila siku, alilijua tangu anapanga ratiba. Mzee wa Dodoma akafungua daftari dogo, akasoma kwa sauti alivyoahidiwa: maporomoko, sawa, maziwa mawili, tumeona moja. Mabinti wakasema hata hilo moja tumeona Somalia tu. Dereva akaangua kicheko akashindwa kushika usukani vizuri, ikabidi asimame.

Tulidai turudishiwe chochote. Fedha, alisema, zimeshaingia kwa bosi, na bosi hapokei simu. Mwishowe akashuka njiani kwa mama mmoja aliyekuwa anafunga biashara, akarudi amebeba mkungu wa ndizi mbichi na mfuko wa maparachichi, akatugawia. Mimi nikapata ndizi kumi na sita na maparachichi matatu, nikayapakata juu ya lile begi la mtu mpaka Mbeya. Ukiyapigia hesabu kwa bei ya Mwanza haikuwa hasara kubwa sana, ila sikumwambia.

Usiku nikampigia mama. Yeye hulala mapema, lakini nilipomwambia nimeenda kuona ziwa alizinduka.

"Ziwa gani?"

"Ngosi. Lile la kwenye vitabu."

"Kubwa?"

"Nimeona kipande, mama. Kulikuwa na ukungu."

"Wanavua nini huko?"

"Hakuna anayevua. Liko shimoni, juu ya mlima. Watu wanapanda saa mbili kwenda kuliangalia."

"Kuliangalia."

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu wanashuka."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia mbwa wa jirani yetu akibweka, na nyuma yake, kama si masikio yangu tu, mawimbi.

"Na hapo ulilipa?"

"Nililipa."

"Shilingi ngapi?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nitampigia asubuhi.