Nilivyoirudisha beji yangu ya muuzaji bora kwa jina la leso

Nauza leso, yaani kanga, mtandaoni, niko Mombasa, na mwezi huu beji ya muuzaji bora imerudi dukani kwangu. Miezi minne nimeihangaikia. Nilipokuwa natafuta wa kunielekeza, karibu kila mtu alinambia niwape binamu zangu pesa waagize mzigo, wanipe nyota tano, yaishe. Shoga yangu mmoja alifanya hivyo. Duka lake likafungwa na pesa zake za wiki mbili zikazuiliwa. Usithubutu.

Soko la mtandaoni ninalouzia hutupima kwa oda tulizofuta, mizigo tuliyochelewa kuifikisha kituo cha kupokelea, iliyorudishwa, na nyota za wateja. Mwenye beji bidhaa zake hukaa juu mtu akitafuta. Asiye nayo huzama ukurasa wa saba huko, na nani afika ukurasa wa saba? Hesabu ni ya asilimia, kwa siku 30, na hapo ndipo sisi wadogo tunapoumia. Mimi kwa mwezi nauza doti 20, yaani jozi za leso, mwezi ukiwa mzuri 25. Katika 20 zikirudi mbili, hiyo ni asilimia 10. Mwenye ghala auzaye elfu moja, zikirudi mbili hazimtikisi hata kidogo. Ni makosa yale yale mawili, lakini mimi naanguka na yeye hata hajui kama yametokea. Hili silikubali mpaka leo.

Yangu ilianza na leso moja. Mteja wa Nakuru aliagiza doti ya zambarau ya kumpelekea mavyaa yake. Picha niliyoweka ilikuwa ya leso iliyokunjwa. Maua yaonekana, jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, limefichika ndani ya mkunjo. Oda ikaingia usiku na sina mzigo nyumbani, kwa sababu wakati huo nilikuwa naonyesha picha kwanza, kisha nashuka Biashara Street kununua. Asubuhi nikakimbia, nikapata zambarau ile ile, maua yale yale, nikaifunga na kuikabidhi kabla saa 24 za soko hazijaisha. Siku ya tatu nikapata ujumbe: "Dada, umenigombanisha na mama mkwe." Leso ilikuwa imeandikwa HASIDI HANA SABABU, na mavyaa aliifungua mbele ya mawifi wote.

Niliumia sana. Mimi nimezaliwa katika leso. Nyanyangu hakununua leso bila ya kusomewa jina, na yeye mwenyewe hakujua kusoma. Leo nimemtumia mtu tusi la kumpa mavyaa, macho yangu yote yako kwenye saa ya soko. Nilimpigia yule dada nikamwomba radhi, akanisamehe, lakini mzigo ulikuwa umesharudishwa na kuandikwa "si kama ya picha". Wiki hiyo hiyo doti nyingine ikarudi, mteja asema imeungana na nyuzi zinatoka. Leso hutoka kiwandani zikiwa zimeungana mbili mbili, hazijakatwa wala kupindwa. Kwetu hilo halina haja ya kuelezwa. Kwa mtu wa bara anayenunua mara ya kwanza, ni bidhaa mbovu. Beji ikaondoka.

Jaribio la kwanza lilinitia hasara. Nilichukua pesa za chama, elfu arubaini na kitu, nikanunua doti 60 nisije nikachelewa tena. Leso hazikai hivyo! Jina likishavaliwa na kila mtu mtaani, halitakiwi tena. Miezi miwili baadaye nusu zilikuwa bado kabatini, nikaziuza kwenye shughuli za harusi kwa bei ya kununulia.

Nikaanza upya na 15, na dukani sikuweka hata moja isiyokuwa kabatini kwangu. Oda za kufuta zikaisha siku hiyo hiyo. Picha nazo nikazibadilisha zote. Saa kumi jioni, jua limelegea, naitandaza leso nzima kitandani karibu na dirisha. Ya kwanza inakuwa ya jina peke yake, karibu kabisa, mpaka herufi zisomeke kwenye simu ndogo. Kisha pindo na mji wake, ile sehemu ya katikati, kisha pale palipoandikwa MALI YA ABDULLA ikiwa ni ya chapa hiyo, maana wapo wateja wanaoitafuta hiyo tu. Na mwisho futi ya fundi imelazwa juu, waone ni kama mita moja na nusu. Jina naliandika tena kwenye maelezo, na kama ni la mafumbo nasema wazi: hili usimpe mkweo.

Fundi wangu wa mtaani hukata na kupinda kwa hamsini, na nikimpelekea nyingi hushuka. Nimeiongeza kwenye bei, na hakuna aliyelalamika. Kabla ya kufunga kifurushi namtumia mteja picha ya jina kwenye chati, nangoja aseme sawa. Ni dakika mbili tu. Ijumaa kabla ya adhuhuri naliweka duka likizo mpaka Jumatatu, kwa sababu oda ya Ijumaa jioni ndiyo iliyokuwa ikinichelewesha kila mara, na kituo cha karibu nami Jumapili hakifunguliwi.

Makosa ya zamani yalipotoka kwenye zile siku 30, asilimia ya mizigo iliyorudi ikasoma sifuri. Nyota ndizo zilizochukua muda, kwa sababu mteja wetu akiandika "nzuri sana, Mungu akubariki" anabonyeza nne, akidhani amenisifu, na hesabu yao inataka wastani wa 4.5.

Nimewaandikia kwamba muuzaji aliye chini ya oda 50 ahesabiwe kwa idadi, si kwa asilimia. Walinijibu kwamba maoni yangu wameyapokea. Baada ya Idi naandika tena, safari hii na wauzaji wenzangu wanne, na kila mmoja ataambatanisha hesabu zake.