Siku yangu moja kwenye meza ya kutengeneza simu

Saa 11 na nusu alfajiri

Simu inaita, namba siijui. Ni mama mmoja, sauti ya mtu ambaye hajalala, "fundi samahani kukuamsha, simu yangu imeingia maji tangu jana jioni, hapa natumia ya mwanangu." Mi cha kwanza nikajiuliza namba yangu kaipata wapi, maana siku hizi nani anashika namba ya mtu kichwani, hata mi ukiniambia nitaje ya mdogo wangu wa damu nakwama kwenye tarakimu ya nne. Kumbe ni kistika. Kila simu inayopita kwangu naibandika kistika cha namba ndani ya kava, na nimechekwa sana na hicho kistika, eti ushamba, watu si wanakupata mtandaoni. Sawa, ila simu ikifa mtandao umekufa nayo, kinachobaki ni karatasi.

Nikamuuliza swali moja tu, umeichaji? Kimya kidogo. "Nimejaribu mara moja tu nione kama inawaka."

Aisee.

Saa 2 asubuhi

Nafungua, dogo ninayemfundisha kazi ameshafika na ameshaanza kuangalia video, ila simgombezi kwa sababu na mimi nimejifunza hivyohivyo. Hakuna aliyenikalisha darasani akanionyesha namna ya kunyanyua chipu kwenye bodi. Nimejifunza kwa mtu wa YouTube ambaye anaongea lugha nisiyoijua hata neno moja, nilikuwa naangalia mikono yake tu, napunguza spidi iwe nusu, narudisha nyuma, naangalia tena moshi wa fluksi, ile dawa ya kusaidia solda ishike, unavyopanda ndo najua sasa solda imeyeyuka. Miaka yote hiyo uso wake sijawahi kuuona, ila vidole vyake nikivikuta popote navitambua.

Shida ni kwamba na wateja nao wanaangalia video. Zamani mtu anakuja anasema "fundi imezima", basi. Sasa anakuja na jibu kabisa, "ni aisi ya chaji hiyo, nibadilishie", yaani chipu inayosimamia chaji, unafungua unakuta tundu la chaji limejaa vumbi la mfukoni, unatoa na kijiti, kazi imeisha, na yeye anakuangalia kama umemwibia.

Saa 3

Mama wa maji kafika. Simu ipo kwenye mfuko wa plastiki imezikwa kwenye mchele. Mchele! Hii ya mchele sijui nani aliianzisha ila imesafiri kuliko ushauri wowote wa maana. Mchele haunyonyi maji yaliyojificha chini ya bati za ndani, unachofanya ni kuacha unga na vumbi kwenye matundu tu, na wakati umekaa unasubiri miujiza huku ndani kutu ya kijani inakula bodi. Na maji yenyewe sio adui mkubwa kihivyo, adui ni maji pamoja na umeme, ndo maana nikauliza habari ya chaji. Simu ikiingia maji izime, usiiwashe, usiichomeke popote, ilete. Basi.

Nikamwambia mama, simu hii ya zamani kidogo, labda ununue nyingine tu. Akaniangalia. "Simu sio shida fundi. Vipimo vyangu ndo viko humo."

Ni fundi cherehani. Zamani alikuwa na daftari, kila mteja ukurasa wake, mpaka mpwa wake akamwonyesha kwamba anaweza kufungua grupu la WhatsApp, akaongeza mtu mmoja halafu akamtoa, akabaki peke yake. Grupu lina mtu mmoja, yeye. Linaitwa VIPIMO. Mteja akija anashika tepu kwa mkono mmoja, simu mkono mwingine, anaongea, bega hivi, kifua hivi, anatuma. Haandiki kitu. Daftari likabaki kabatini, watoto wakalichana kutengeneza ndege za karatasi. Na bekapu, ile nakala ya akiba mtandaoni? Ilikuwepo, halafu ikaanza kuleta ujumbe kila siku kwamba nafasi imejaa, kwa sababu akaunti ya bure ya Google ni GB 15 tu na humo humo wanagombania picha, baruapepe na WhatsApp, akachoka na huo ujumbe akaizima. Na Jumamosi kuna watu wanasubiri nguo.

Nikachukua simu.

Saa 4 na robo

Katikati ya kazi anaingia kaka mmoja, nadhifu, anasubiri dogo atoke kwenda kununua protekta ndo anasogea karibu na sauti inashuka. Anataka nimwekee "kile kitu" kwenye simu ya mke wake ili meseji zikiingia kule ziingie na kwake. Simu anayo mfukoni, kaichukua mke akiwa analala.

Hawa napata kila mwezi, na sio wanaume tu. Nikamwambia sifanyi. Akasema nitakulipa mara mbili. Nikasema hata mara kumi. Akasema mwingine atanifanyia, nikamwambia huenda, ila sio mimi. Akaondoka bila kuaga.

Na kwa wewe unayesoma, fungua WhatsApp yako sasa hivi, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua hapo, itoe. Haihitaji fundi wala programu ya kijasusi, mtu akiishika simu yako dakika moja ikiwa wazi inatosha.

Saa 5 mpaka saa 8, sikunyanyuka

Bodi ya mama. Watu wanadhani simu ikifa naweza kutoa tu ile memori ya ndani nikaihamishia kwingine kama unavyohamisha laini. Zamani kidogo iliwezekana. Simu za sasa vitu vyote vya ndani vimefungwa kwa msimbo na ufunguo wake umefungamana na prosesa ileile, kwa hiyo ukitoa chipu ya memori unapata takataka. Ni ulinzi mzuri, mwizi hapati kitu, lakini hata mwenye simu hapati. Njia ni moja, bodi yenyewe ifufuke, hata kwa dakika kumi tu.

Nikachomoa betri kwanza. Nikaondoa bati, na kweli chini yake kijani. Nikasugua kwa mswaki laini na alkoholi ile ya asilimia 99, nikakausha, nikapima na mita. Ikalia tiiii. Shoti kwenye njia kuu ya umeme, yaani umeme unavuja pasipotakiwa. Sasa njia hiyo ina vikapasita vingi, vile vidude vya kutuliza umeme, kimoja ni kidogo kuliko punje ya mchanga, utajua kipi kimekufa? Hapa ndo napenda kazi hii. Unamwaga alkoholi kidogo juu ya bodi nzima iwe inang'aa, halafu unaipa umeme kidogo sana kutoka nje na unaangalia. Penye shoti panapata joto, na penye joto panakauka kwanza. Dogo kashika taa, mi nimeinama, bodi yote inang'aa kama imenyeshewa, halafu pembeni kidogo ya soketi pakafanya kialama kikavu, kama mtu kapulizia pumzi kwa ndani. "Pale!" Dogo kaona kabla yangu.

Nikapasha, nikakiokota kwa kibanio, nikapima tena. Kimya. Hicho kikapasita simu inaweza kuishi bila yeye, wapo wenzake wa kusaidia.

Katikati ya hayo dogo alihudumia wengine wanne, kioo, kioo, laini haisomi, na mmoja aliyelalamika kwamba betri haimalizi siku wakati simu yake ya zamani ilikuwa inakaa wiki. Dogo akamjibu vizuri nikafurahi, akamwambia ile ya zamani ilikuwa kazi yake kusubiri upigiwe tu, hii kioo kinawaka saa sita kwa siku na hata ukiiweka mezani inaongea na dunia nzima. Mi nikaongezea kwamba betri inachoka tu kama mtu, hata Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa kamili mara 500. Na simu ya kwanza ya mkononi kuuzwa, ile DynaTAC ya Motorola ya mwaka 1983, ilikuwa inachajiwa kama masaa 10 upate nusu saa ya kuongea. Mteja akasema sawa, lakini angalau ilikuwa haivimbi. Hapo akanishinda.

Saa 8 na nusu

Simu ya mama imewaka. Nina sheria yangu, simu ya mteja nikiijaribu spika nampigia kutoka yangu, kamera napiga picha ya meza halafu naifuta, sifungui galari wala meseji. Hata VIPIMO sikufungua. Nikamsubirisha afungue mwenyewe alipofika, akagusa ya juu kabisa, sauti yake ikatoka, akaizima haraka kabla sijasikia hata namba moja, akakaa kwenye kiti akashusha pumzi. Nikamrudishia bekapu ikawa inafanya kazi, tukafuta video za salamu za asubuhi na maua, zilikuwa zaidi ya mia nane, GB kadhaa za maua. Nikamwambia mama, na daftari lirudi.

"Nitaona," akasema. Najua halirudi.

Saa 9 na nusu

Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hii simu yako uliyonitengenezea mbovu." Nini tena? Akituma meseji kwa mwanae vile vitiki vinabaki kijivu siku nzima, haviwi bluu, kwa hiyo simu haifikishi.

Nikaangalia mipangilio. Mjukuu kachezea, taarifa za kusoma zimezimwa kwenye simu ya mzee mwenyewe, na ukiizima kwako na wewe huoni za wengine. Nikaiwasha nikamwambia tuma sasa. Akaandika polepole kwa kidole kimoja, *Habari za huko*, akatuma. Kitiki kimoja. Viwili. Tukakaa tunaangalia kama mpira unasubiri penati. Vikawa bluu! Mzee akatabasamu. Tukasubiri. Pale juu hapakuandikwa kwamba anaandika. Dakika tano. Kumi. Dogo akajifanya anatafuta bisibisi.

Mzee akaiweka simu mfukoni taratibu. "Bora ilivyokuwa mbovu," akasema.

Sikumtoza kitu, na nikawaza nimwambie naweza kuizima tena. Sikusema. Vitiki vya bluu vililetwa 2014, tangu hapo kila mtu anajua saa na dakika aliyopuuzwa, na mi ndo natumwa kuitengeneza hiyo.

Saa 11 jioni

Foleni ndogo. Dada kaibiwa akaunti ya WhatsApp, alipigiwa simu akaombwa ile namba ya tarakimu 6 ambayo WhatsApp wanatuma kuthibitisha akaunti, akaitaja, sasa jina lake linaomba pesa kwa shangazi zake. Tukasajili upya namba yake, bahati mwizi hakuwa ameweka PIN, angeweka ingebidi dada asubiri siku 7. Tukaweka PIN yetu. Anayefuata.

Saa 12 na nusu

Dogo kanionyesha simu yake uso umebadilika. Kuna mtu katuacha nyota moja mtandaoni, kaandika, *Fundi ana dharau, amekataa kunihudumia bila sababu.* Ni yule kaka wa asubuhi, hata picha yake ipo. Dogo anataka nijibu, niandike alichotaka. Vidole vilinijia kweli, nikaandika sentensi mbili, nzuri, kali. Halafu nikafuta. Nikimjibu nimemwanika, na sheria yangu ya galari inakuwa na maana gani kama siri ya mtu naitoa pale anaponiudhi. Ila inauma we. Zamani mtu akikusema vibaya anakusema kwa majirani zake, wanakujua, wanampinga. Hii nyota itakaa pale juu na kila mgeni anayetafuta fundi ataiona kwanza.

Nikamwambia dogo funga twende.

Saa 3 usiku

Nimelala chali, simu yangu juu ya uso, kioo chake kina ufa tangu mwaka jana na ndiyo, najua. Naangalia video za watu wanaotengeneza bodi, yaani nimetoka kwenye bodi naangalia bodi. Nimeshasema mara tatu hii ya mwisho.

Ikaingia WhatsApp, mama wa cherehani. Sauti mbili. Ya kwanza, "Fundi Mungu akubariki, nimekata vitambaa viwili tayari." Ya pili nikadhani ni muendelezo nikaibonyeza.

"Huyu wa Jumamosi, bega 15, kifua 38, kiuno 34. Kaniambia niandike 32. Mwachie nafasi kwa ndani, usimwambie."

Nikarudi kuangalia. Pale palipokuwa na sauti ya pili pameandikwa ujumbe huu umefutwa, na juu kabisa inaonyesha anaandika, anaacha, anaandika tena. Mwishowe ikaja meseji moja, "Hujasikia kitu fundi."

Nikamjibu sijasikia.