Nilitaja bei kabla ya kuivua mitutu

Yule bibi alikuwa hajakaa vizuri kitini, nami nikamwambia bunduki yake inaweza kufika pauni 800. Akaiandika namba hiyo nyuma ya bahasha. Ningekuwa na uwezo ningeinyakua ile bahasha niitafune.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya mnada katikati ya Uingereza, chumba cha silaha za kale, chini ya leseni ya muuzaji aliyesajiliwa. Nyumbani kwetu Tanga bunduki niliyoijua ni gobore la mjomba, la kutishia nguruwe shambani. Hapa nimejifunza kuchambua bunduki za marisau (vidonge vidogo vya risasi) za Kiingereza zenye nyundo, zile za mitutu miwili ambazo wakusanyaji wanazigombania. Zinavutia kupita kiasi, na hapo ndipo zinapomponza mtu kama mimi.

Hii ya bibi ilikuwa nzuri kweli. Mitutu ya inchi 30, nyundo mbili zilizopinda kama mgongo wa pomboo, bamba za mitambo zimechorwa vijani vidogo vidogo mpaka ukingoni. Nikazivuta nyundo moja moja: mlio wa nusu, mlio wa mwisho, laini kama kufuli jipya. Vichwa vya skrubu havikuwa vimechubuliwa, na mifereji yake yote ilielekea upande mmoja sambamba na mtutu. Maana yake hakuna fundi wa mtaani aliyewahi kuchokonoa humo ndani. Kwenye ukanda wa juu, kati ya mitutu, palikuwa na jina la duka la mji mdogo wa soko.

Jina hilo halinisumbui. Bunduki nyingi za namna hii zilitengenezwa Birmingham, kwenye vichochoro vya mafundi karibu na kanisa la St Mary, kisha mwenye duka wa mikoani akaandikiwa jina lake. Jina linalonisumbua ni lile linalofanana na kubwa. Niliwahi kuletewa moja imeandikwa "W. Richards", mwenyewe akiapa kuwa ni Westley Richards, mtengenezaji mkubwa wa Kiingereza. Chini ya mitutu tukakuta duara la yai lenye herufi ELG, mhuri wa nyumba ya upimaji ya Liège, inakofyatuliwa bunduki kuthibitisha kuwa ni imara. Ilikuwa ya Ubelgiji, bunduki rahisi ya biashara.

Basi ukitaka ukweli, vua mitutu, uigeuze, usome sehemu bapa zilizo chini. Hilo nilipaswa kulifanya kabla sijafungua mdomo. Nilipoigeuza nikaona fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji: mhuri wa nyumba ya upimaji ya Birmingham wa kabla ya 1904. Kando yake, maneno "NOT FOR BALL", yaani usitie risasi ya duara. Ulikuwa mhuri wa mitutu iliyobanwa mdomoni ili marisau yasitawanyike mapema, na ulipigwa kati ya 1875 na 1887. Umri nikaupata hapo hapo, bila kuuliza hadithi ya familia. Nilichokikosa ni mhuri wa baruti isiyo na moshi. Bunduki hii ilipimwa kwa baruti nyeusi tu.

Kisha nikatazama pale palipokuwa pamefunikwa na ubao wa mbele. Nje mitutu yote ilikuwa imepakwa weusi, lakini chini ya ubao, mahali ambapo mpakaji hakuhangaika, michirizi ya Dameski ilionekana kama maji yanayozunguka jiwe: vipande vya chuma laini na feleji vilivyosokotwa pamoja, vikazungushwa na kuungwa kwa moto. Nikaining'iniza mitutu kwa kidole na kuigonga. Ikalia kama kengele, kwa hiyo ukanda haujaachia. Mpaka hapo nilikuwa bado na pauni zangu 800.

Kipimo ndicho kilichozimaliza. Bunduki hii ni ya kipenyo cha 12, maana yake risasi 12 za duara zinazoingia mtutuni zina uzito wa ratili moja, nacho ni inchi 0.729. Mtutu wa kushoto ulikuwa karibu na hapo. Wa kulia, inchi 9 kutoka nyuma, ulisoma 0.742. Kuna mtu aliwahi kuusugua ndani ili kuondoa kutu, na kwa kuusugua akautoa nje ya kipimo kilichopigwa mhuri. Nikapima unene wa ukuta. Mafundi hapa hawapendi kwenda chini ya sehemu 20 za elfu za inchi, karibu nusu milimita. Pembamba kuliko pote nikapata sehemu 17. Nikapima tena. Sehemu 17.

Sheria hapa haituruhusu kuuza bunduki iliyotoka nje ya kipimo kana kwamba iko salama. Kuipeleka ipimwe upya ni kuifyatua kwa shindo kubwa kuliko la kawaida, ikipasuka imepasuka. Kuiwekea mitutu mipya ndani ya mashina ya zamani kungegharimu kuliko thamani yake.

Nikamweleza yote. Akafungua mkoba, akatoa boksi la risasi lililobaki nusu. "Mume wangu alikuwa akiipiga kila Krismasi," akasema. Nikaangalia ubavuni: za kisasa, milimita 70, baruti isiyo na moshi. Chemba ya bunduki ile, mahali risasi inapokaa, ni milimita 65. Sikujua niseme nini. Yeye akalirudisha lile boksi mezani taratibu, akalisogeza kwangu kwa kidole kimoja.

Nikamwomba radhi kwa ile 800. Mkuu wangu, aliyekuwa akisikia kutoka mlangoni, hakunisema mbele yake. Alinisema baadaye, na nilistahili.

Bibi hakutaka kuiuza kwa bei ya mbao na nyundo. Aliamua iuliwe kisheria, isifyatuke tena, ikae ukutani kwa wajukuu. Kazi hiyo nayo lazima ikaguliwe na nyumba ya upimaji, kwa hiyo bunduki ikarudi Banbury Street, Birmingham, ilikotoka miaka zaidi ya 130 iliyopita. Iliporudi kwetu nikaigeuza kabla sijafanya lolote. Mhuri mpya waliupiga inchi mbili hivi kutoka kwenye zile fimbo zilizopishana.