Boneti Ikishafunguliwa

Zamu ya usiku ina mapumziko saa nane. Tunakaa watu wanne kwenye chumba kidogo chenye mashine ya kahawa, kila mmoja katoka upande wake wa dunia, na lugha tunayofanyia kazi hakuna aliyezaliwa nayo. Miezi ya mwanzo kila mtu alikuwa anainamia simu yake. Halafu usiku mmoja dereva wa foklifti, kijana wa Mexico, akatuonyesha picha ya Volkswagen ya nyumbani kwao, ile ya mgongo wa kobe, yeye mwenyewe mdogo kakaa juu ya boneti. Simu ikazunguka mezani. Tangu hapo tunaongea magari, na nimewafahamu hawa watu kwa magari yao kuliko kwa kitu kingine chochote.

Volkswagen yao ilikuwa ya mwaka 1960, haina geji ya mafuta. Injini ikianza kukohoa njiani, unageuza kwa mguu swichi ndogo pale chini karibu na pedali, tenki linakuachia akiba ya mwisho, kama lita tano, za kukufikisha kituoni. Mama yake siku moja alijaza mafuta akasahau kuirudisha ile swichi. Safari iliyofuata, injini ilipokohoa, akapeleka mguu akakuta akiba ilishatumika zamani. Walitembea yeye na mama yake, viatu mkononi, na anasema hiyo ndiyo siku aliyomsikia mama yake akiimba kwa mara ya kwanza. Gari la mwisho la aina ile liliundwa huko huko kwao, Puebla, Julai 2003, baada ya mengine zaidi ya milioni 21. Tarehe anaijua kama watu wanavyojua tarehe ya msiba.

Mzee wetu wa kikundi anatoka Madagaska. Yeye ni Citroën 2CV, ya miaka ya 1950, ambayo waipa zake zilikuwa zinaendeshwa na waya ule ule wa spidomita. Ukikimbia, waipa zinakimbia. Ukipunguza mwendo, nazo zinalegea. Ukisimama kwenye mvua, inabidi uzizungushe kwa mkono kutoka ndani, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake utotoni, kumfutia baba mvua. Anapoeleza, mkono wake unazunguka hewani bila yeye kujua.

Dada wa Pakistani baba yake alikuwa na lori la Bedford. Hakumbuki lilibeba nini. Anakumbuka rangi zake, maua na ndege hadi kwenye bampa.

Mimi nilikuja na Land Rover.

Ilikuwa Series IIA ya chesisi ndefu, inchi 109 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, na ilinizidi umri. Bodi yake ni aluminiamu. Zilipoanza kutoka mwaka 1948 vita ilikuwa imekwisha juzi tu, bati la chuma likawa adimu Uingereza, wakatumia kilichokuwepo. Kwa hiyo milango yetu ilikuwa na mabonde kila mahali lakini kutu hakuna. Kutu ilikula chini, kwenye chesisi ya chuma, mahali macho hayafiki. Baba alikuwa analala chini ya gari na brashi na kopo la oili chafu, anapaka chuma chote, anatoka uso mweusi meno meupe. Huku niliko sasa, baridi ikianza wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na maji ya chumvi yanarushwa chini ya magari miezi minne mfululizo. Kila nikiyaona yakichuruzika kwenye bampa langu nainama kuangalia chini ya gari. Siwezi kupita tu.

Chini ya kioo cha mbele ilikuwa na vifuniko viwili vinavyofunguka kwa nje. Unasukuma wenzo, upepo unaingia moja kwa moja usoni, pamoja na vumbi lote la barabara na mdudu mmoja mmoja. Kazi ya vifuniko ilikuwa yangu. Tukikaribia kupishana na gari nafunga, vumbi likitulia nafungua. Nilikuwa na miaka saba, na baba hakuwahi kunikumbusha hata mara moja. Aliniachia kabisa. Sidhani kama nimewahi kupewa dhamana kubwa zaidi ya ile.

Gia namba moja na namba mbili hazikuwa za kuingia kwa kubembeleza. Ukitaka kushusha kutoka tatu kwenda mbili, unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unagusa mafuta kidogo injini ipande, unakanyaga tena, ndiyo unaingiza. Ukikosea, zinasaga meno hadi watu wa njiani wanageuka. Nilipofikisha umri wa kujifunza, baba aliniambia, "Usiangalie gia. Sikiliza injini, yenyewe itakuambia." Nilisaga meno wiki nzima. Siku iliponyamaza, gia ikazama kama kisu kwenye siagi, baba hakusema kitu. Alifungua kifuniko cha upande wake akaacha upepo uingie.

Baba ni mtu wa maneno machache. Mezani anakula, anashukuru, anaondoka. Ukimletea habari ya shule anauliza swali moja. Lakini boneti ikishafunguliwa, ni mtu mwingine. Kule mbele, kichwa kimeinama, mikono ina kazi, macho hayalazimiki kukutana na ya mtu, ndipo alipokuwa anaongea. Nimejua alivyokutana na mama nikiwa nimeshika rejeta. Nimejua kwa nini aliacha kazi yake ya kwanza tukiwa tunabadilisha belti ya feni.

Usiku mmoja gari lilikuwa linawaka na kuzima. Baba akaniambia niwashe tochi. Akafungua kofia ya distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi umeme, akaitoa rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, akanionyesha pointi: vipande viwili vidogo vya chuma, kama kucha za mtoto, vinavyogusana na kuachana kila plagi inapotakiwa kupiga cheche. Uso wa kimoja ulikuwa umechimbika, wa pili umeota kidonda. Ndivyo zinavyochakaa. Akazisugua kwa msasa mwembamba, akapuliza. Kisha akachomeka hendeli pale mbele, akaizungusha injini polepole kwa mkono mpaka pointi zilipoachana kabisa, akatoa mfukoni kifurushi cha vibati vya kupimia nafasi. Vibati vile vimepangwa kama kurasa za kijitabu, kila kimoja kimechongwa unene wake. Akachagua cha milimita 0.4. Akakipitisha katikati, akalegeza skrubu, akakipitisha tena. "Kipite," alisema, "lakini kijue kwamba kinapita."

Akanipa na mimi nijaribu. Nikauhisi ule mvuto mdogo kwenye vidole. Na wakati navuta kibati kwenda na kurudi, baba akaanza kunisimulia habari za kaka yake aliyefariki kabla sijazaliwa, mtu ambaye nilikuwa nimeliona jina lake tu, kwenye cheti changu mwenyewe. Tochi ilitetemeka. "Shika sawasawa, mwanangu," akasema, akaendelea.

Mwaka wangu wa nne huku, alinipigia simu siku ya kazi, jambo ambalo halifanyi. Nikamwamkia. Akaitika, akakaa kimya kidogo, halafu: "Nimeiuza."

Sikuuliza nini. Niliuliza iliwaka?

"Kwa mara moja."

Wanunuzi walikuwa wamekuja watatu. Wa kwanza alizunguka akitazama mabonde ya milango. Wa pili alitaka kujua itauzikaje ikikatwa vipande, huyo hakukaribishwa hata kiti. Wa tatu, kijana, aliomba iwashwe, akasimama pembeni kafumba macho. "Alisikiliza kwanza," baba akasema. Basi ikawa yake. Nilirudi kwenye mstari wa kazi nikafanya kazi saa tatu bila kumsikia mtu.

Kitu kimoja alikitoa kabla ya kukabidhi funguo. Kilinifikia miezi mingi baadaye, mkononi mwa msafiri, kimefungwa kwenye kitambaa chenye harufu ya petroli: vile vibati. Ninavyo jikoni, kwenye droo ya vijiko. Gari langu la sasa halina pointi wala distribyuta. Kibati cha 0.4 kimepinda kidogo kwenye ncha, na kila nikifungua droo kidole kinakwenda pale pale penye mpindo.

Gari hili ni zuri, sina neno baya juu yake. Linawaka kwenye baridi ambayo Land Rover yetu haijawahi kuiota. Ila ukifungua boneti unakutana na kifuniko cha plastiki, na wiki iliyopita taa ya njano iliwaka kwenye dashibodi ikafuatwa na mlio mwembamba asubuhi. Ningeweza kulipeleka gereji likachomekwa kompyuta. Nitalipeleka. Lakini jana nilimpigia baba kwanza, nikamweleza. Akaniuliza mlio unakuja injini ikiwa baridi au moto, unapanda nikikanyaga mafuta au unabaki pale pale. Sijaulizwa maswali mengi kiasi hicho na baba kwa miaka.

"Fungua boneti," akasema. "Sogeza simu."

Nikatoka nje na koti juu ya nguo za kulalia, nikawasha, nikafungua, nikaishika simu juu ya injini kwa mkono unaokufa ganzi. Upande wa pili kimya. Nikasikia akimwambia mama apunguze redio. Mlio ulikuja, ukapotea, ukabaki muungurumo wa kawaida tu, na nilipomuuliza kama ameusikia, kama nizime sasa, akaniambia, "Usizime kwanza."