Nilivyookoa mawaidha yaliyopasuka sauti

Ustadh wetu anajulikana na kila aliyewahi kumrekodi: huanza kwa sauti ya chini kabisa, halafu katikati ya maneno anapanda ghafla mpaka spika zinalia. Waumini nao hawamwachi peke yake. Takbiri ikiitikiwa, msikiti mzima unaingia kwenye maiki. Aliyekaa pale pale anaona raha tupu, lakini kwenye rekodi sehemu hizo ndizo zinazopasuka, na ndizo hasa watu wanaomba watumiwe.

Rekodi niliyokabidhiwa ilichukuliwa kwa waya kutoka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, hadi kwenye rekoda ndogo ya mkononi. Kitu cha kwanza niliomba faili lenyewe la WAV, lisilobanwa, si ile MP3 iliyokuwa ikizunguka WhatsApp. Sauti ikizidi uwezo wa chombo, vilele vya mawimbi hukatwa na kubaki bapa, na programu ya kurekebisha huutafuta ubapa huo ili ijue pa kushika. Ikishabanwa kuwa MP3, ubapa unageuka vijikunjo. Programu haioni kitu tena, ingawa sikio bado linasikia mkwaruzo.

Nililifungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kuwasha alama za kuonyesha palipokatwa. Mistari myekundu ikajitokeza kwenye takbiri tu. Ile sehemu iliyokuwa ikiniudhi zaidi, ustadh anapowafokea wanaokula mirathi ya mayatima, haikuwa na mstari hata mmoja. Nikakuza picha mpaka wimbi mojamoja likaonekana. Vichwa vyote bapa, vimelala usawa mmoja kama vimekatwa kwa rula, lakini kwenye asilimia 60 hivi ya urefu, mbali kabisa na ukomo wa juu.

Basi sauti ile ilikatwa ndani ya mikisa, kabla ya kufika kwenye rekoda. Geini ya maiki, yaani kiasi ambacho mikisa hukuza sauti inapoingia, ilikuwa juu mno, kisha sauti ya kutokea ikapunguzwa, rekoda ikapokea kitu kilichokwisha kupasuka huku mita yake ikionyesha kwamba mambo ni shwari. Alama nyekundu hutazama desibeli 0 peke yake, yaani ukomo wa juu wa faili. Kilichokatwa chini ya hapo hazikihesabu.

Dawa yenyewe iko humo humo Audacity, inaitwa Clip Fix. Huangalia sampuli nzima, yaani vipimo vya wimbi ambavyo havikukatwa, za pande mbili za ubapa na kuchora upinde wa kukisia kilele kilivyokuwa. Vilele hivyo vipya vinahitaji nafasi ya kusimama, ndiyo maana chombo huja kimepangwa kushusha sauti kwa desibeli 9. Ukikitumia kwenye kipande kimoja tu, kipande hicho kitabaki chini kuliko majirani zake. Mimi nilishusha rekodi nzima kwanza kwa desibeli 10, kisha kila nilipotumia Clip Fix nikaweka punguzo hilo kuwa 0.

Halafu kuna kizingiti, yaani urefu ambao kuanzia hapo chombo huhesabu kuwa wimbi limekatwa, ambacho huja kimewekwa asilimia 95. Hiyo ni asilimia ya kilele kirefu kuliko vyote katika ulichochagua, si ya ukomo wa faili. Ukichagua saa nzima kwa mkupuo, takbiri moja yenye kilele kirefu inatosha kuufanya ubapa wa asilimia 60 usionekane kabisa. Kwa hiyo nilichagua sentensi moja, wakati mwingine neno moja, nikatengeneza, nikasikiliza, nikasonga mbele. Inachosha, sikatai. Ila kufanya faili zima kwa pamoja ni kujidanganya, na kazi yenyewe inakwenda polepole mno.

Maneno ya ustadh yalirudi vizuri. Palipobaki ukali kidogo, hasa kwenye irabu ndefu, nilipunguza desibeli 3 au 4 kwenye masafa ya kati ya kilohezi 3 na 5, hapo tu, kisha nikalainisha tofauti ya sauti ya chini na ya juu kwa kuchora kiwango chake kwa mkono. Sikugusa pengine popote.

Takbiri zilinishinda. Ubapa ulikuwa mrefu kuliko sehemu nzima zilizobaki, na upinde wa kukisia uliotoka ulikuwa kelele ya aina nyingine. Bahati nzuri kijana mmoja alikuwa amerekodi kwa simu, kakaa nyuma kabisa kando ya nguzo. Sauti yake ina mwangwi na haina besi, lakini haijapasuka. Nilikata takbiri zake, nikazilinganisha na zangu kwa kutumia kikohozi kilichosikika kwenye rekodi zote mbili, nikaziunganisha kwa kufifisha moja huku nyingine ikipanda. Kelele ya umati inakubali mwangwi. Sauti ya mtu mmoja isingekubali.

Fundi mitambo nilimtumia picha ya yale mawimbi bapa, naye hakubisha. Siku hizi anashusha geini ya maiki mpaka taa nyekundu ya mikisa isiwake hata ustadh akipaza, na mimi naiweka rekoda ili sauti kubwa kabisa iishie karibu na desibeli -12. Yule kijana naye tumemwomba aendelee kukaa pale kwenye nguzo na simu yake, ila aiwashe kabla mawaidha hayajaanza.